Kwa nini Jim Reeves alipendwa Afrika Mashariki kuliko waimbaji wengine wote wa kantri?

#1 Msikilizaji wa Nakuru

Wanajukwaa, salamu kwenu.

Kila Desemba inapokaribia, redio za hapa Kenya huanza kupiga nyimbo za Krismasi za Jim Reeves, zile za albamu yake ya mwaka 1963, na si redio peke yake, kwani ukienda kwa kinyozi, ukipanda matatu ya kuelekea Molo au ukihudhuria matanga ya mzee wa rika la kabla ya uhuru, sauti ile nzito na tulivu huikosi. Mwenye sauti alifariki tarehe 31 Julai 1964 akiwa na umri wa miaka 40, na wengi wanaompenda leo hawakuwa wamezaliwa. Hank Williams alikuwa mtunzi mkubwa kumshinda, Johnny Cash aliimba mpaka uzeeni, George Jones alisifiwa na waimbaji wenzake, lakini ukimtajia mzee wangu majina hayo atakuuliza wanachezea timu gani. Mtajie Jim Reeves, atakuimbia ubeti mzima bila kukosea.

Kwa wasiomfahamu, James Travis Reeves alizaliwa tarehe 20 Agosti 1923 huko Galloway, mashariki mwa Texas, katika familia ya wakulima yenye watoto wengi, na baba yake alifariki yeye akiwa bado mchanga. Alikuwa mrushaji hodari wa mpira wa besiboli, akaingia mwaka 1944 katika timu za daraja la chini za St. Louis Cardinals, kisha jeraha la mshipa wa fahamu likamtoa uwanjani. Akageukia utangazaji wa redio, kwanza Henderson huko kwao Texas, halafu katika kituo cha KWKH cha Shreveport, Louisiana, kilichokuwa kikirusha kipindi cha muziki wa jukwaani kilichoitwa Louisiana Hayride. Mwaka 1953 wimbo wake “Mexican Joe” ulishika nafasi ya kwanza, mwaka 1955 akasajiliwa na kampuni ya santuri ya RCA, na kuanzia “Four Walls” ya mwaka 1957 akawa mwimbaji wa namna nyingine kabisa.

Dai langu ni kwamba tulimpenda kwa sababu alikuwa mtangazaji kabla ya kuwa nyota. Anatamka kila neno hadi mwisho wake, haburuzi wala hamezi, na wazee wetu waliojifunza Kiingereza ukubwani waliweza kumfuata. Mwenye maoni tofauti ayalete.

#2 Fundi Mitambo

Mleta mada, umegusa pembeni ya jambo lenyewe. Matamshi ni nusu, nusu ya pili ni kipaza sauti.

Katika miaka yake ya mwanzo Reeves aliimba kwa kupaza sauti, kama walivyoimba wenzake wote wa Texas waliozoea kumbi zenye kelele. Ilipofika “Four Walls” alishusha sauti hadi ngazi za chini kabisa na kusogeza midomo karibu igusane na kipaza sauti. Wapo ndani ya RCA waliopinga, tena wimbo wenyewe ulikuwa umekusudiwa mwanamke, lakini mtayarishaji wake, Chet Atkins, alimuunga mkono. Baada ya hapo Atkins na wenzake wa Nashville waliondoa fidla na lile gitaa la kuteleza linalolialia, wakaweka waitikiaji wa sauti laini na piano inayodondosha noti moja moja.

Sasa fikirini redio tulizokuwa nazo. Ya baba yangu ilikuwa na spika moja isiyozidi upana wa kisahani cha chai, na betri zake zilianikwa juu ya bati mchana ili zipate uhai wa kusikilizia taarifa ya habari ya jioni. Katika redio kama hiyo, wimbo wenye ala nyingi zinazoshindana hugeuka kelele tupu, kwa sababu spika haina nafasi ya kuzitenganisha. Rekodi ya Reeves imeachwa wazi katikati, sauti ya mtu ikiwa mbele na vyombo vikiwa nyuma yake, kwa hiyo ilifika Njombe ikiwa bado inaeleweka. Huo si ushabiki, ni ufundi.

#3 Mwalimu Mstaafu, Moshi

Nawashukuru kwa mada hii. Naongezea ushahidi kwa upande wa darasani.

Katika shule niliyofundisha miaka ya sabini tulikuwa na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono na santuri chache zilizoachwa na mwalimu aliyenitangulia, nami niliitumia “He'll Have to Go” kwa imla ya kidato cha pili. Niliweka sindano, wanafunzi wakaandika walichosikia, nikainua sindano, tukasahihisha. Waliandika karibu yote sawasawa. Lililowashinda lilikuwa kisa chenyewe, maana mle ndani kuna mwanamume aliye baa anampigia simu mpenzi wake, anamsihi asogeze mdomo kwenye simu wajifanye wako wawili tu, na kumbe huko aliko yule mwanamke yuko na mtu mwingine, ambaye sharti aambiwe aondoke. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kushika simu. Kijana mmoja aliuliza kwa nini huyo bwana asiende tu kwa miguu.

Wimbo huo ulitungwa na Joe na Audrey Allison, ukatoka mwishoni mwa mwaka 1959 ukiwa upande wa pili wa santuri, yaani ule ambao kampuni haikuutegemea. Watangazaji waliigeuza santuri. Mwaka 1960 ulikaa nafasi ya kwanza ya kantri kwa wiki 14, na katika chati ya nyimbo zote za Marekani ukafika nafasi ya pili.

#4 Nyar Kisumo

Mwalimu, kijana wako aliuliza swali la maana kuliko wimbo.

Hata hivyo nawashangaa wote watatu, mmezungumza kuhusu redio na darasa kana kwamba hakuna kanisa katika nchi hizi. Kwetu Jim Reeves hakuingia kama mwimbaji wa mapenzi. Aliingia kwa albamu ya “We Thank Thee” ya mwaka 1962, ambayo ina “This World Is Not My Home” na “Take My Hand, Precious Lord”, nyimbo ambazo mama zetu walikwishazijua katika vitabu vya tenzi. Mama yangu, ambaye ni wa Chama cha Akina Mama kanisani na hakuruhusu muziki wa dansi nyumbani, aliruhusu santuri za Reeves zote, hata zile za baa alizozitaja Mwalimu, kwa hoja kwamba mtu anayeimba injili vizuri namna ile hawezi kuwa mlevi. Ndiyo sababu hadi leo anapigwa kwenye matanga na Krismasi, yaani nyakati mbili ambazo familia nzima hukaa pamoja na hakuna anayethubutu kuweka kitu cha kumuudhi bibi.

#5 Msikilizaji wa Nakuru

Dada, hoja yako nimeipokea lakini ina tundu. Tennessee Ernie Ford alitoa albamu ya tenzi mwaka 1956 iliyovuma sana kwao, na sauti yake ilikuwa nzito kuliko ya Reeves. Mbona hatupigiwi yeye kwenye matanga?

#6 Nyar Kisumo

Kwa sababu Ford anaimba kama askofu, na Reeves anaimba kama jirani aliyekuja kutoa pole.

#7 Kijana wa Kapkatet

Waheshimiwa, mnahesabu kuanzia katikati. Kantri ilifika kwetu Ukipsigis kabla Jim Reeves hajashika kipaza sauti.

Mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi muziki wa jadi, alifika Kapkatet na kurekodi wasichana wakiimba pamoja na kinubi chetu wimbo unaoitwa “Chemirocha”. Huyo Chemirocha ni Jimmie Rodgers, yule mfanyakazi wa reli wa Mississippi aliyeimba kwa kupasua koo na kufariki kwa kifua kikuu mwaka 1933. Santuri zake zilikuwa zimeletwa na wageni wenye gramafoni, watu wetu wakaisikia sauti isiyo na mwili, wakamfanya kiumbe nusu mtu nusu mnyama na kumtungia wimbo wa kumwalika aje acheze. Miaka ya hivi karibuni rekodi hiyo imerudishwa kijijini, na baadhi ya wazee waliokuwapo wakati ule wamesikilizishwa sauti zao.

Kwa hiyo swali la kwa nini Reeves alipendwa lina jibu jepesi: alikuta shamba limekwisha kulimwa. Masikio yetu yalikuwa yamezoea gitaa na mtu mmoja anayesimulia shida zake, na hata ukimsikiliza Mwenda Jean Bosco wa Katanga, utaona gitaa la vidole linakwenda njia moja na hao watu wa Texas.

#8 Fundi Mitambo

Mkuu wa #7, kisa cha Chemirocha ni kizuri na ni cha kweli, lakini kinathibitisha kinyume cha unachodai. Kama masikio yalikuwa tayari tangu Rodgers, basi Hank Williams ndiye angepaswa kurithi kiti, maana yeye ndiye aliyeimba karibu na mtindo wa Rodgers. Reeves aliuacha mtindo huo. Tena Bosco msimwingize humu, gitaa lake lina mizizi yake Katanga.

#9 Kijana wa Kapkatet

Mizizi ni ya Katanga, sikatai. Ila gitaa lenyewe lilishuka melini, halikuota Katanga.

#10 Mkaazi wa Muscat

Assalaam alaykum. Mimi ni mtu wa Unguja ninayefanya kazi huku Omani, na nina jambo la kuwavurugia hesabu.

Ofisini kwetu wapo wenzetu wa Kerala na wa Sri Lanka. Siku moja niliweka “Welcome to My World” kwa sauti ndogo, nikidhani najiburudisha na kitu cha nyumbani, wakainuka watu kutoka meza tofauti kila mmoja akisema huo ni wimbo wa baba yake. Mmoja alifahamu mpaka upande wa pili wa santuri. Halafu nimekuja kujua kwamba Norway pia alipendwa kupita kiasi, na Nigeria, na Uingereza. Sasa mkisema ni kanisa la Nyanza, au kinubi cha Kipsigis, au betri juu ya bati, mtamweleza vipi mtu wa Norway mwenye umeme mwaka mzima? Mimi naona sababu yoyote itakayotolewa humu lazima iweze kusafiri kama alivyosafiri yeye.

#11 Msoma Magazeti

Ndugu wa Muscat ametupa kipimo kizuri, na hoja yangu inakipita.

Reeves alisafiri nje wakati waimbaji wengi wa kantri hawakuvuka mpaka wa Texas. Mwaka 1957 alikuwa Ulaya akiwatumbuiza wanajeshi wa Marekani. Mwaka 1962 alizuru Afrika Kusini pamoja na Chet Atkins na mpiga piano Floyd Cramer, mwaka uliofuata akarudi huko kuigiza filamu ya “Kimberley Jim”, na aliimba hata nyimbo za Kiafrikaans. Mwaka huohuo wa 1963 alizunguka Ireland, ambako aligombana na wenye kumbi kwa sababu ya piano mbovu zisizofungwa nyuzi sawasawa. Mtu aliyefika ana deni la kupendwa. Na kwa kuwa Afrika Kusini ilikuwa na viwanda vya santuri, naona ni kutoka huko alikopanda kaskazini hadi kwetu.

#12 Bin Juma wa Ngamiani

Mkuu #11, sehemu ya mwisho ya hoja yako haishikiki. Nchi zetu zilipopata uhuru, Tanganyika mwaka 1961 na Kenya mwaka 1963, zilikataa kufanya biashara na utawala wa makaburu, na bidhaa ya huko ilikuwa ikikamatwa. Santuri zingepenya chache kwa mlango wa nyuma, lakini haziwezi kujaza nchi.

Njia yenyewe ilikuwa London. Angalieni tarehe: mwaka 1964 nyimbo zake “I Love You Because” na “I Won't Forget You” zilikuwa juu kwenye chati za Uingereza kwa miezi mingi, na mwaka 1966, miaka miwili baada ya kuzikwa, “Distant Drums” ilikaa nafasi ya kwanza kwa wiki 5 wakati Beatles wakiwa katika kilele chao. Redio zetu wakati ule zilikuwa ndiyo kwanza zimetoka mikononi mwa Waingereza, kwani shirika la utangazaji la Kenya liligeuzwa Sauti ya Kenya mwaka 1964, na la Tanganyika likawa Radio Tanzania mwaka 1965, lakini maktaba ya santuri haibadilishwi kwa amri ya serikali. Mtangazaji alirithi kabati na kupiga alichokikuta. Nigeria ilitawaliwa na nani? India? Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo? Kipimo cha Muscat kimejibiwa, kasoro Norway tu, na hao wako ng'ambo ya bahari kutoka Uingereza.

#13 Mjukuu wa Karatina

Naomba niulize swali ambalo wazee mnalikwepa. Mwaka 1962 ndio mwaka ambao Mandela alikamatwa, mwezi wa Agosti. Huyu mtu wenu alikuwa akiimba Kiafrikaans huku wenzetu wakiishi chini ya sheria za pasi. Mbona tunamwimbia Krismasi kana kwamba ni mjomba?

#14 Mwalimu Mstaafu, Moshi

Mjukuu, swali ni halali na sitalifunika. Alikwenda, akalipwa, na sijui kauli yoyote ya hadharani aliyoitoa dhidi ya utawala ule. Wasanii wengi wa Marekani na Uingereza walifanya vivyo hivyo miaka ile, na mgomo wa wasanii ulikuja kupata nguvu baadaye. Hilo ni maelezo, halimtakasi. Ninachoweza kusema ni kwamba sisi tuliomsikiliza Moshi hatukujua habari za safari hiyo, kwa sababu santuri haikuja na maelezo yake.

#15 Mpenda Zilipendwa

Habari za leo wakuu. Nimesoma uzi wote, nikashangaa hakuna aliyetaja kifo. Jim Reeves alikufa katika ajali ya ndege moja na Patsy Cline, na dunia nzima ililia. Mtu akifa namna hiyo angali kijana hapati nafasi ya kuchuja.

#16 Rubani Mstaafu

Ndugu wa #15, hizo ni ajali mbili tofauti. Patsy Cline alifariki tarehe 5 Machi 1963 karibu na Camden, Tennessee, katika ndege iliyorushwa na meneja wake. Reeves alifariki mwaka mmoja na miezi karibu 5 baadaye, tena yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akirusha, akiwa na mpiga piano na meneja wake wa safari, Dean Manuel.

Kwa kuwa nimeruka ndege za aina hiyo, niruhusuni nieleze kidogo. Ilikuwa Beechcraft Debonair yenye injini moja, ikitoka Batesville, Arkansas, ambako Reeves alikwenda kwa shughuli ya ardhi, kurudi Nashville. Ilipokaribia mji wa Brentwood iliingia kwenye mvua ya radi. Rubani akiingia katika wingu zito hapotezi macho tu, anapoteza pia hisia ya juu na chini, kwa sababu maji yaliyomo ndani ya sikio, ambayo hutuambia tumeinama upande gani, huzoea mzunguko wa taratibu baada ya sekunde chache na kuanza kutuambia kwamba tumenyooka. Ndege inalala ubavu, wewe unahisi uko sawa, pua inashuka, unavuta usukani kuinua pua, na kumbe unakaza mzunguko. Tiba ni kuziamini saa za vipimo zilizo mbele yako na kuupuuza mwili wako, jambo ambalo ni gumu kuliko linavyosikika. Uchunguzi ulielekea kwenye maelezo hayo. Mabaki yalipatikana tarehe 2 Agosti baada ya msako mkubwa msituni, na miongoni mwa waliotafuta walikuwamo waimbaji wenzake, akina Marty Robbins na Ernest Tubb.

Inasemekana pia kwamba rubani wa Patsy Cline na Reeves walifundishwa na mwalimu mmoja. Wengine hujenga nadharia nzima juu ya hilo. Mimi sijengi, wingu halimuulizi mtu alisomea wapi.

#17 Hesabu Kamili

Nadhani najua mpenda zilipendwa alikotoa mkanganyiko huo. Mwaka 1981 RCA waliunganisha kwa mitambo sauti za marehemu hao wawili katika wimbo “Have You Ever Been Lonely”, kila mmoja akiwa amerekodi peke yake wakati wa uhai wake, na wasikilizaji wengi huku kwetu wakaamini waliimba chumba kimoja. Kutoka kuimba pamoja hadi kufa pamoja ni hatua fupi.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu, nayo ni ya kibiashara. Reeves alimwoa Mary White mwaka 1947, hawakupata mtoto, na mjane huyo aliusimamia urithi wa rekodi kwa miongo mingi mpaka alipofariki mwaka 1999. Marehemu alikuwa ameacha nyimbo nyingi ambazo hazijatoka, zikatolewa kidogo kidogo. Tazameni zilizoshika nafasi ya kwanza ya kantri Marekani baada ya kifo: “I Guess I'm Crazy” mwaka 1964, “This Is It” na “Is It Really Over?” mwaka 1965, “Distant Drums” na “Blue Side of Lonesome” mwaka 1966, “I Won't Come In While He's There” mwaka 1967. Mwaka huo wa 1967 aliingizwa pia katika jumba la heshima la muziki wa kantri. Kila mara mtangazaji wa Nairobi alipokuwa karibu kumsahau, kulikuwa na kifurushi kipya mezani.

#18 Msikilizaji wa Nakuru

Hesabu Kamili, hilo linaeleza kwa nini hakusahaulika. Halielezi kwa nini alipendwa kwanza. Duka laweza kujaa bidhaa zisizonunuliwa.

#19 Bin Juma wa Ngamiani

Na mimi narudi kwenye dai la kwanza kabisa la mleta mada, la utangazaji, kwa sababu kuna habari hapo haijanyooshwa. Hadithi tunayoijua ni kwamba usiku mmoja pale Louisiana Hayride, Hank Williams hakutokea, Reeves aliyekuwa mtangazaji tu akasukumwa jukwaani kuziba nafasi, na asubuhi akaamka nyota. Bila Hank kulewa, tusingekuwa na uzi huu.

#20 Hesabu Kamili

Frank Page, aliyekuwa mshereheshaji wa kipindi hicho, yeye alisema aliyechelewa alikuwa Sleepy LaBeef.

#21 Bin Juma wa Ngamiani

LaBeef alizaliwa mwaka 1935. Reeves alianza kazi KWKH mwishoni mwa mwaka 1952. Unataka kuniambia kipindi kizima kilikwama kwa kumngojea kijana wa miaka 17? Hank alikuwa amefukuzwa Grand Ole Opry, kipindi kikubwa cha kantri cha Nashville, mwezi wa Agosti mwaka huo, akarudi Shreveport, na akafa tarehe 1 Januari 1953. Tarehe zinakaa sawa na Hank, tena Reeves mwenyewe alimtaja Hank katika mahojiano.

#22 Hesabu Kamili

Zinakaa sawa mno, ndiyo maana nazitilia shaka. Kila msanii angependa kusema alimpokea kijiti Hank Williams. Mshereheshaji hakuwa na faida yoyote kwa kumtaja LaBeef.

#23 Mjukuu wa Karatina

Wakati wazee wakizozana kuhusu aliyechelewa, mimi nauliza juu ya Charley Pride. Mweusi, mzaliwa wa Mississippi, mchezaji wa besiboli kama Reeves, aliyesajiliwa RCA ileile ya Chet Atkins, sauti nzito na matamshi safi. Wimbo wake wa kwanza ulipelekwa kwenye vituo vya redio mwaka 1966 bila picha yake ili wasimkatae, na mwaka 1971 akachaguliwa mtumbuizaji bora wa mwaka wa kantri. Sifa zote mlizozitaja humu anazo, na ya rangi anaizidi. Kwa nini kwetu yeye ni wa pili?

#24 Nyar Kisumo

Huku kwetu Charley Pride si wa pili, mwanangu, ni wa Jumamosi. Reeves ni wa Jumapili.

#25 Fundi Mitambo

Pride alikuja na fidla na gitaa la kuteleza vimerudi. Rejeeni #2.

#26 Mtu wa Kigoma

Wakuu, mnasema “Afrika Mashariki” lakini mnazungumza zaidi habari za Kenya. Mimi nimekulia Kigoma, na kwetu redio ilikuwa Radio Tanzania yenye NUTA Jazz, Western Jazz na Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz, na ng'ambo ya ziwa tulipata rumba ya Kongo ikiwa bado ya moto. Jim Reeves alikuwapo, ila kwa wachache: mapadri, waganga wa hospitali ya misheni, na waliosoma shule za bweni. Sera ya redio ya taifa ilikuwa kurekodi bendi za nyumbani na kuzipiga kwa Kiswahili, na mtu ambaye ana Mbaraka kila jioni hana haja ya mfariji wa Texas. Tofauti hiyo ya nchi mbili jirani ingewafaa zaidi kama ushahidi kuliko Norway.

#27 Mwalimu Mstaafu, Moshi

Mtu wa Kigoma amesema kweli kuhusu redio, ila Moshi, Arusha na Tanga tulikuwa tukipata mawimbi ya Nairobi bila shida, nasi tuliosoma kwa wamisheni hatukuwa wachache kiasi hicho. Ramani yake ichorwe kwa mawimbi, isichorwe kwa mipaka.

#28 Msikilizaji wa Nakuru

Nimewasoma wote na ninawashukuru. Hoja ya mtu wa Kigoma imenishika zaidi, kwani kama lugha ya redio ndiyo iliyotenganisha nchi hizi mbili, basi Kiingereza kina sehemu, na dai langu bado lina miguu. Ila sasa kuna jambo jipya: Sir Elvis, mwimbaji wetu wa kantri ambaye jina lake halisi ni Elvis Otieno, anajaza kumbi za Nairobi akiimba nyimbo hizi mbele ya vijana wasiojua gramafoni, wasioanika betri na wasiokwenda kanisani kila wiki. Hao wanafuata nini?

#29 Kijana wa Kapkatet

Wanafuata nyama choma. Niko tayari kusahihishwa, ila nimewahi kufika kwenye kumbi hizo.

#30 Fundi Mitambo

Wanafuata sauti iliyoachiwa nafasi. Mkuu wa #28, wiki hii chukua spika ya simu yako, ambayo ni ndogo kuliko ya redio ya baba yangu, upige kwanza wimbo wowote wa chati ya sasa, kisha “Am I Losing You”, ambao Reeves aliutunga mwenyewe, halafu urudi hapa utuambie ni upi umesikia maneno yake yote.

#31 Nyar Kisumo

Na akimaliza apige “Take My Hand, Precious Lord” mbele ya mama yake, atuletee majibu ya jaribio hilo pia.